Bangili ya Sura ya Tisa

Alasiri moja ya mwezi wa Mei, mjini Tanta, Inshirah alikuwa jikoni akiviringisha mchele ndani ya majani ya kabichi, na mjukuu wake Rabab alikuwa mezani akisoma kwa sauti sura ya tisa ya riwaya ya mtihani. Aya ya tatu ilipofika, mvi za Inshirah zikawa nyeusi. Aya ya sita ilimkuta msichana wa miaka kumi na minne, gauni lake la ujane likimpwaya. Akakunja mikono ya gauni, akaendelea na kabichi.

"Mwaka huu wamekuanza mapema, shoga," alisema jirani, Mama Ihab, aliyekuja kuazima sufuria.

Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Wanafunzi wa nchi nzima walipoifungua sura ile, Inshirah alirudi utotoni. Mitihani ilipokwisha, alirudishiwa miaka yake sitini na sita pamoja na magoti yanayouma.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya Ustadhi Midhat Shaalan, kuhusu mvulana anavyokua. Katika sura ya tisa mvulana anaiba bangili ya mama yake. Mtumishi anasingiziwa, anapigwa, anafukuzwa. Mvulana anatazama kutoka roshani, analia, na siku hiyo anaanza kuwa mwanamume. Mtumishi hana jina. Anageuka langoni na kumtabasamia, kwamba amemsamehe.

"Bibi, kwani ulitabasamu?" Rabab aliuliza.

"Kwa meno gani? Mama yake alikuwa keshaning'oa mawili. Tena sikwenda nyumbani mimi. Nilichukuliwa na askari, nikafungwa miaka mitatu."

Rabab alikifunga kitabu kwa kishindo. Ijumaa wakapanda treni ya Kairo.

Ustadhi Midhat aliwafungulia mlango mwenyewe, mkononi fimbo. Alimtambua papo hapo.

"Inshirah! Hujabadilika hata kidogo," alisema, akawakaribisha chai.

"Midhat, andika kwamba sikutabasamu. Uandike na jina langu, na kifungo. Sitaki kingine."

"Binti yangu, ile ni riwaya. Bila lile tabasamu kijana hakui."

"Binti yako nani? Nimekuzidi mwaka mzima mimi! Na kama hakui, basi asikue!"

Mzee alikoroga chai yake kwa utulivu. Alisema watoto wengi wamefunzwa utu na sura ile, na wizara haijawahi kulalamika. Walipoaga, akawapa nakala aliyoitia sahihi: *Kwa aliyenifundisha maana ya msamaha.* Rabab aliiacha kwenye ngazi.

Mtihani ulipokuja, swali la nne lilisema: *Eleza jinsi wizi wa bangili ulivyomkomaza mhusika mkuu.* Rabab alijaza kurasa mbili. Alitaja aliyeiba, aliyefungwa, miaka aliyofungwa na jina alilopewa na wazazi wake. Alipata sifuri. Walipokata rufaa wakaonyeshwa karatasi, na pembeni msahihishaji alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Hayamo kitabuni.*

Julai ilipita na Inshirah hakuzeeka. Riwaya ilikuwa imeingizwa katika shule za nchi nyingine saba, kwa hiyo hapakukosekana darasa, mahali fulani, lililokuwa likisoma sura ya tisa. Mama Ihab alimpunguzia magauni mawili yamkae mwilini.

Agosti Inshirah alikwenda ofisi ya pensheni za wajane, akapanga foleni tangu asubuhi. Karani alitazama kitambulisho, akamtazama na yeye.

"Wewe ndiye yule wa sura ya tisa?"

"Ndiye mimi."

"Nilikusoma shuleni. Mwenzio nililia, wallahi." Akamrudishia kitambulisho. "Lakini mtoto hapewi pensheni ya mume. Njoo na baba yako."

"Baba alikufa mimi niko kifungoni," Inshirah alisema. "Alikufa akijua kazaa mwizi."

Karani alitikisa kichwa kwa huruma. Akaandika kwenye faili, *Mzazi hakufika*, akapiga muhuri, akamwita mtu wa nyuma yake.