Viporo vya King'ora

Jumamosi saa tatu asubuhi, mwoka mikate alizungusha ufunguo wa boti yake mara ya sita, na kwa mara ya sita mashine ikasema "tik" ikanyamaza. Boti ilikuwa imekalishwa juu ya matairi manne katika ua wa gereji, na fundi alikuwa ameifungia mashine mpira wa bustani ili ipate maji ya kuipoza. Mikate ya kwanza ilitakiwa kuvuka ziwa Jumatano. Watu wa ng'ambo walikuwa wameshaambiwa.

"Gia?" aliuliza fundi.

"Iko huru."

"Kamba ya usalama?"

"Nimeichomeka. Fundi, usinifanye mtoto."

Fundi hakukasirika. Huanza na maswali ya kijinga kwa sababu, kwa hesabu zake, nusu ya mashine zinazokufa huuawa na mambo ya kijinga. Alikagua fyuzi, akasugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa, akaminya pampu ya petroli mpaka ikawa ngumu, akatoa plagi na kuzinusa moja moja. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Ndipo king'ora kilipoanza: pi, pi, pi, dakika mbili nzima, kikanyamaza.

"Oili imepungua," alisema mwoka mikate, ambaye alikuwa amesoma kitabu cha mashine chote, hata kurasa za lugha asizozijua.

Walipima. Oili ilikuwa imejaa. King'ora kikalia tena. Fundi akazima swichi, kikaendelea. Akatoa betri akaiweka chini kwenye mchanga, kikaendelea. Akaingiza mkono chini ya usukani na kukitoa chenyewe, kidude cheusi kama kifuniko cha chupa, waya wake umekatwa na hakijaunganishwa na kitu chochote duniani. Kililia vizuri tu kiganjani mwake.

"Ahaa," alisema fundi. "Ni viporo."

Alieleza huku akifuta mikono. King'ora kilichokatwa waya hakipotezi sauti zake. Zinajazana humo ndani, kama kazi za ofisini mtu akienda likizo, na siku kikipata msikilizaji kinaanza kuzitoa kwa mpangilio, kuanzia ya kwanza. Mashine haiwaki mpaka ziishe. Yeye aliwahi kupokea pikipiki iliyopiga honi wiki nzima, mpaka majirani wakaizoea.

"Zitaisha lini?"

"Inategemea kimezibwa mdomo miaka mingapi."

Boti ilikuwa ya mtumba, na mwoka mikate aliijua vizuri chini ya ile rangi mpya ya kijani. Ilikuwa ya Tajiri, mwenye boti zote za abiria pale ziwani, na nahodha wake alikuwa mume wa mwoka mikate. Miaka mitatu nyuma mashine ilichemka na kukwama katikati ya maji, upepo ukaisukuma kwenye miamba. Abiria kumi na mmoja waliokolewa. Wa kumi na mbili alikuwa mdogo wake mwoka mikate, kitinda mimba wa mama yao. Ofisi ya vyombo vya majini ilifungua kisanduku cha kumbukumbu cha mashine, ikasoma kwamba tahadhari ya joto ilitolewa dakika kumi na moja kabla mashine haijafa, ikaandika kuwa nahodha alisikia king'ora akapuuza. Leseni ikachukuliwa.

Mwezi wa kwanza nahodha alisema hakusikia kitu. Mwezi wa sita alisema labda. Mwaka wa pili, kwa jinsi alivyoambiwa na kuambiwa tena, alisema ndiyo, alikisikia, akaingia jikoni kukanda unga na hakutoka tena. Mkewe hakumuuliza. Walikula pamoja na kulala kitanda kimoja, na lile swali lililala katikati yao likivuta shuka. Alipoinunua boti alisema ni kwa ajili ya mikate. Moyoni alitaka kitu cha kukiuliza, maana mumewe hakuweza kumuuliza.

Alikipeleka king'ora nyumbani ndani ya mfuko wa aproni na kukiweka kwenye meza ya kukandia. Kililia siku nzima. Sauti fupifupi zilikuwa za oili, ndefu za joto, naye aliziandika zote kwenye daftari la oda. Wateja waliuliza kama mikate imeiva. Mmoja tu aliomba kipunguze sauti, mwanawe amelala.

Mumewe alisikiliza huku akikanda.

"Hiyo itakuwa siku tuliyobeba mabati," alisema, akihesabu safari zake kwa mpangilio. "Na hiyo ni ya harusi. Nilinusa mpira ukiungua, nikamwambia Tajiri. Akaniambia nina pua ya mbwa."

"Hukuniambia."

"Kuhusu pua?"

Mwoka mikate alijikuta anacheka, kitu ambacho hakikuwa kimetokea katika jiko lile kwa muda mrefu.

Jumapili baada ya chakula cha mchana ilianza ya mwisho. Haikuwa fupi wala haikukatika, ilikuwa sauti moja iliyonyooka. Nahodha aliliacha donge la unga, akatazama saa ya ukutani. Mkewe akaitazama pia. Dakika kumi na moja walisimama hivyo, na chachu ikafanya kazi yake, donge likaumuka likamwagika nje ya beseni. Kisha king'ora kikanyamaza.

"Hii sijawahi kuisikia," alisema nahodha.

"Unasemaje?"

"Sauti hii. Wallahi, mke wangu, sijawahi kuisikia maishani mwangu."

Mkewe alimwamini. Alikaa juu ya gunia la unga akalia kwa sauti, akamlilia mdogo wake upya, kisha akajipangusa kwa aproni na kupumua mpaka chini kabisa ya kifua. Ilikuwa pumzi ya kwanza ya namna hiyo katika miaka mitatu. Swali lilipita mlangoni na kwenda zake. Jirani alisema alikutana nalo kwenye ngazi.

Jumatatu mwoka mikate alikirudisha king'ora gereji, na fundi akaanza kuunganisha waya. Alimulika mahali ulipokatwa, akainama karibu zaidi. Mkanda wa kuzibia waya ulikuwa umezungushwa mara tatu na ncha yake kukunjwa kidogo, ili atakayekuja baadaye apate pa kushika. Ni fundi mmoja tu ziwani anayekunja ncha.

"Dada, mkanda huu ni wangu," alisema. "Tajiri alisema kelele zinatisha abiria. Nilikata kwenye boti zake zote nne."

"Na hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Hata mimi sikujiuliza. Nisamehe."

Mwoka mikate alitoa daftari la oda mfukoni. "Twende ukaseme," alimwambia.

Karani wa ofisi ya vyombo vya majini aliwapokea vizuri. Alisoma daftari, akaandika maneno ya fundi kwa hati safi, akagonga muhuri.

"Ila faili limefungwa," alisema. "Kisanduku kinasema king'ora kililia."

"Kiliambiwa kilie," alisema fundi. "Hakikuwa na mdomo."

"Hilo kisanduku hakisemi."

Nyuma yake ukutani kulikuwa na picha ya kamati ya usalama majini, Tajiri katikati. Leseni haikurudi.

Boti iliwaka ufunguo ulipozungushwa mara ya kwanza. Jumatano mwoka mikate alishika usukani, na mumewe akakaa mbele kati ya makreti, maana kisheria yeye alikuwa abiria. Katikati ya ziwa king'ora kikalia. Mwoka mikate akazima mashine papo hapo.

"Umekisikia?"

"Nimekisikia," alisema mumewe, akageuza uso upande. "Ee Mungu wangu, nimekisikia."

Ulikuwa mfuko wa plastiki, umeziba tundu la kuvutia maji. Mumewe aliinama akauchomoa, akaukunja vizuri na kuutia mfukoni kana kwamba ni noti.

Ndipo boti ya Tajiri ilipowapita, imejaa watu na magunia. Ubavuni mwa mashine yake hakukutoka hata uzi mmoja wa maji ya kuipoza, na moshi mwembamba ulipanda kutoka chini ya kifuniko. Haikutoa mlio wowote. Nahodha alisimama, akapiga kelele, akapunga mikono yote miwili. Abiria walifurahi, wakampungia.

Mwoka mikate aliwasha mashine na kugeuza usukani kuifuata.

"Mikate itapoa," alisema mumewe.

"Ipoe," alisema. "Tafuta kamba."