Hodi ya Karantini

Mama hajawahi kunipigia hodi. Nina miaka arobaini na moja, nina nyumba yangu na funguo zangu, lakini yeye husukuma tu mlango na kuingia mpaka chumbani. Nikilalamika hunijibu, "Nimpigie hodi mtu niliyemzaa?" Wengine wote huwapigia, hata muuza mkaa.

Tulikwenda mji ule wa bandari kwa ajili ya kaka. Miaka kumi na miwili iliyopita alipanda meli pale kwenda kufanya kazi ya jikoni, na tangu siku hiyo kimya. Mama alitaka kuliona gati aliloondokea, basi. Mimi nilikwenda shingo upande, maana najua safari za kufukua vidonda.

Gati tuliliona asubuhi. Mama alilitazama, akaguna. Kwa kuwa tulishalipia kutembezwa mji mkongwe wote, mwongoza wageni akatupitisha na kwenye karantini, jengo refu la mawe lililojengwa na wakoloni. Humo abiria wa meli walifungiwa mpaka daktari awapitishe. Korido moja, milango kumi na minne, makufuli yenye kutu.

"Wengi hawakutoka," mwongoza wageni alisema. "Aliyejiona amepona alipiga hodi. Mlinzi akisema karibu, ndiyo ruhusa yake ya kutoka. Kwa hiyo mkisikia hodi humu, naombeni msijibu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tulipofika mlango wa tisa, hodi ikatoka ndani, taratibu, sauti ya mwanamume aliyechoka. Nikamgeukia Mama nimzibe mdomo, nikachelewa.

"Karibu, mwanangu," alisema.

Kufuli halikutikisika. Hakutoka mtu. Mwongoza wageni alitushika mikono, akatutoa mbiombio, akatuacha juani bila hata kuaga.

"Ni yeye," Mama alisema. "Mimi siwezi kumkosea kwa sauti."

Njia nzima alitembea nyuma yangu, yeye ambaye siku zote hutangulia na kunisimanga kwamba natembea kama nimebeba mayai. Nilidhani ni huzuni. Nilimwonea huruma, nikamwacha na mawazo yake.

Kule gesti tulikofikia alichukua ufunguo wake, akaingia chumbani. Nami nikaingia changu, upande wa pili wa korido, nikajitupa kitandani na viatu vyangu. Jua la saa nane lilikuwa limejaa dirishani. Hata sijafumba macho, mlango ukagongwa.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Mama. Niliinuka, nikashika kitasa, jibu likiwa tayari mdomoni. Hapo ndipo nilipokumbuka, nikakiachia kitasa.

"Hodi, mwanangu."

Nikachukua simu, nikampigia. Ililia palepale nje ya mlango, ikalia mpaka ikakatika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na zaidi ya woga nilimtaka mama yangu, aingie bila adabu, anikalie kitandani, aniulize kwa nini nimelala na viatu.

"Mama," nikasema huku nikilia, "sukuma tu. Sijafunga."

Nilikitazama kitasa. Hakikusogea.

"Hodi," ikasema tena sauti yake, kwa adabu kabisa.