Kaburi Kando ya Lami

Kiwanja kile Mageni alikikataa mwenyewe. Miaka sita iliyopita mumewe, Maduhu, alitaka kumjengea nyumba mpya kando ya barabara iendayo Geita. Mageni alimjibu kwamba yeye si muuza karanga wa kukaa kwenye vumbi la malori. Akabaki katika nyumba kubwa ya ndani, karibu na zizi. Mwaka uliofuata Maduhu alioa mke wa pili, Noela, akamjengea palepale. Mageni alifurahi. Aliona mke mwenza amepewa makombo.

Kisha barabara ikawekwa lami, na baada ya lami ikaja sheria.

Afisa mipango kutoka Kahama, Bwana Salmini, aliieleza mbele ya ofisi ya kijiji cha Isabilo. Machimbo ya dhahabu yalikuwa yakivuta watu, na vijiji vya kando ya barabara vilikuwa vikijengwa ovyo. Kwa sheria mpya, kila kijiji kingetenga maeneo yake: makazi, mashamba, malisho, biashara na huduma za jamii. Wanakijiji wenyewe wangependekeza, mkutano mkuu ungepitisha, na baada ya hapo hakuna ambaye angejenga kinyume cha mpango. Ukanda wa kando ya lami ungekuwa wa biashara. Hati zingeandikwa jina la anayeishi mahali husika. Kwa mume mwenye wake zaidi ya mmoja, kila mke angeandikwa kwenye sehemu yake.

"Kila mke?" aliuliza mzee mmoja.

"Kila mke, mzee wangu. Hata wa nne."

Watu walicheka. Mageni hakucheka.

Tangu siku hiyo hakuchota maji kwa amani. "Mama Luka, mwenzio anajenga fremu ngapi za maduka?" jirani yake Paskazia alimwuliza kisimani. "Nasikia ya kwanza inachukuliwa na wakala wa pesa za simu."

"Si umwulize mwenyewe?"

"Nitampatia wapi? Siku hizi ni mtu wa kamati yule."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Sheria iliagiza kamati ya mipango iwe na wanawake, na Noela alikuwa amemaliza kidato cha nne. Asubuhi alipita shambani kwa Mageni akiwa ameshika ncha ya utepe wa kupimia, Bwana Salmini akiwa ameshika ncha nyingine. Wapimaji walifikia kwake, wakanywa chai kwake, na kwa sababu hiyo walimwita Maduhu Baba Rebeka. Luka, mtoto mkubwa wa Maduhu, alikuwa mwanamume mwenye ndevu na karakana ya pikipiki huko Nyahanga. Rebeka, binti wa Noela, alikuwa hajang'oa hata jino la kwanza.

Mageni alimfuata mumewe zizini.

"Baba Luka, kiwanja cha barabarani kiandikwe jina langu."

"Unakaa pale?"

"Ulinipa mimi kwanza."

"Nawe ukakitemea mate."

"Mimi ndiye mke mkubwa."

"Ndiyo maana una nyumba kubwa," Maduhu alisema, akaendelea kukamua.

Mageni alisimama akitazama miguuni pa ng'ombe. Kabla ya Luka alizaa mtoto wa kike aliyeishi majuma machache tu. Maduhu na mama yake walimzika ubavuni mwa nyumba, kama walivyozika vichanga vyote vya mji ule, bila alama. Miaka ikapita na ng'ombe wakaongezeka. Maduhu akalipanua zizi, na kaburi likawa ndani ya zizi. Mageni aliona, akanyamaza. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufa. Walibaki wawili waliojua, na hawakulizungumza kamwe.

Sasa alilifikiria kwa namna nyingine. Huko kwao kaburi lilikuwa ushahidi kuliko karatasi. Mahali alipolala mtu wako, hakuna awezaye kukuambia si pako. Na Maduhu asingethubutu kumsahihisha. Ili amkanushe, ingempasa aseme mtoto yuko wapi hasa, na ni nini kinachokanyaga juu yake.

Mkutano mkuu ulifanyika uwanjani pa shule. Ramani ilibandikwa ukutani, na ukanda wa biashara ulipakwa rangi nyekundu. Mwenyekiti wa kijiji, Donatus, alisoma mapendekezo, kisha akasema mwenye pingamizi anyooshe mkono. Mageni alisimama bila kunyoosha.

"Kiwanja kilichopo kati ya ua wa minyaa na kalavati hakiwezi kuandikwa jina la Noela," alisema. "Mwanangu wa kwanza amelala pale. Alizikwa kabla Noela hajajua kutembea."

Noela, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la kamati, alishika mdomo.

"Maduhu," Donatus aliita kwa upole, "ni kweli?"

Maduhu alitazama viganja vyake. "Mama mtu amesema," akajibu.

Mageni aliketi na kungoja jina lake litajwe.

"Poleni sana," alisema Bwana Salmini. Aliisogelea ramani akiwa na kalamu. "Palipozikwa mtu hatupimi kiwanja cha biashara. Hilo moja. La pili, nimewaambia tangu mwanzo kwamba mpango wenu una upungufu. Hamkutenga eneo la makaburi, kwa kuwa kila mmoja alikataa lisiwe kwake. Sasa tumelipata. Kuanzia kwenye minyaa hadi kwenye kalavati."

Mageni alisimama tena. "Mimi sikusema makaburi! Nimesema ni pangu!"

"Patakuwa pa wote, mama. Na mwanao hatasumbuliwa."

"Karibuni kwa Mama Luka!" mtu mmoja alipaza sauti nyuma, akazomewa. Donatus aliomba kura. Mikono ilinyooshwa kwa wingi, maana kila aliyeogopa makaburi karibu na mlango wake alipata nafuu. Wa Noela ulinyooshwa pia.

Njiani kurudi nyumbani Maduhu alitembea mbele. Walipofika uani kwao aligeuka.

"Umeridhika?"

"Hata yeye hakupata."

"Hakupata. Lakini lazima awe na mahali pa kulala."

Katika ardhi yote ya Maduhu, mpango ulikuwa umeruhusu makazi katika sehemu moja tu: nyuma ya jiko la Mageni. Kabla ya juma kwisha msingi ulichimbwa. Mlango wa nyumba mpya uliutazama mlango wake. Mageni angejua chumvi wanayoweka, wageni wanaokuja, na siku ambazo Maduhu anacheka.

Nyumba ilipokwisha kuezekwa, Noela alifika na godoro kichwani. Alilitua, akapiga goti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Mageni alikuwa amejiandaa kwa matusi. Majibu yake yalikuwa makali na tayari. Lakini Noela alibaki chini.

"Miaka mitano namwaga maji ya vyombo pale, dada. Naanika mihogo juu yake. Hukuniambia. Nisamehe."

"Basi, imekwisha."

"Haijaisha. Kabla hawajaanza kuzikwa wengine, twende unionyeshe alipo. Tumwekee mawe, asipotee."

Paskazia alikuwa amekuja kusaidia kuhamisha vyombo, pamoja na wanawake wengine wanne. Wote walitua mizigo na kumtazama Mageni. Hakukuwa na njia ya kukataa.

Walifika kiwanjani kando ya lami. Nyumba ya zamani ya Noela ilikuwa imekwisha kuezuliwa mabati. Malori yalipita yakielekea machimboni. Mageni alitazama ardhi, na ardhi yote ilikuwa sawa. Alinyoosha kidole kwenye kipande cha nyasi karibu na minyaa.

"Hapa."

Noela alipiga magoti. Alipanga jiwe la kwanza, kisha la pili, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto asimwamshe.

"Aliitwa nani?"

Mageni hakuwa amelitamka jina lile tangu ujana wake. "Milembe," alisema, na lilimtoka kwa sauti asiyoifahamu.

"Milembe," Noela alirudia, akaanza kulia. Alilia kwa kweli, machozi yakidondokea mawe. Wanawake wakamzunguka. Mmoja alimshika bega. "Pole, mayu. Pole, mama."

"Huyu ana moyo," Paskazia alisema. "Angekuwa mwingine angelaani."

Hakuna aliyemshika bega Mageni. Alisimama pembeni, macho makavu, akiisikiliza sauti ya mwanamke mwingine ikimwita mwanawe kwa uzuri kuliko yake. Fremu hazikuwepo tena. Kiwanja kilikuwa cha kijiji. Wivu wake ungepaswa kukosa pa kukaa. Lakini ulikuwa palepale, na sasa ulitaka machozi yale.

"Toka hapo," alisema.

Noela aliinua uso. "Dada?"

"Toka. Ni wangu."

Noela alisogea. Mageni alipiga magoti juu ya ardhi isiyokuwa na mtu ndani yake, akayatawanya mawe yote, akaanza kuyapanga upya kwa mkono wake.