Kitanda cha Gires

Mwanangu Gires alipotea njiani akielekea Goma, wakati karatasi zake za kuja London zilikuwa tayari. Mwili haukupatikana. Kitanda tulichomnunulia kilibaki sebuleni kwetu Tottenham, nami ndiye niliyekuwa nikibadilisha shuka.

Mkewe, Emérence, aliniomba tufanye matanga.

"Mama, mimi si mke wala si mjane. Nimechoka."

Kazi yake ni kuogesha wazee wa watu, na hata hivyo akirudi hunichemshia chai kabla hajavua koti. Lakini nilikataa. Nitamliliaje mtoto ambaye sijamwona amelala?

Jioni moja mjukuu wangu, Miradie, alikuwa akisoma habari za Wagiriki wa kale. Huniita Koko, yaani bibi, lakini kwa kawaida hunijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijikaza kwa Kiswahili.

"Koko, huko Athene walipozika watu wa vita, walibeba mifupa yao kwenye masanduku. Na kitanda kimoja kitupu, kimetandikwa vizuri."

"Cha nani?"

"Cha wale ambao hawakuonekana."

"Wapagani hao."

"Hata wapagani walikuwa na mama zao, Koko."

"Mtoto huyu atakuwa wakili!" Emérence alicheka jikoni, kisha kicheko kikamkatika. Nikamwona ameinamia sinki, amefungulia bomba ili tusimsikie akilia.

"Basi," nikasema. "Jumamosi tutambeba baba yako."

Mchungaji alikubali. Kanisa liko ng'ambo ya barabara tu. Jumamosi, tukishusha kitanda sisi watatu, tulikutana kwenye ngazi na jirani yetu, Mzee Kanti, Mhindi wa Kisumu.

"Mnahama, mama?"

"Tunazika," Emérence akajibu.

Mzee Kanti alitazama shuka nyeupe. Akaweka mifuko yake chini, akavua kofia, akashika pembe ya nne. Hakuuliza maiti iko wapi.

Mimi nilishika upande wa kichwa. Gires alikuwa mrefu, mwenye mifupa mikubwa, nami nilikuwa nimekaza mikono kwa ajili ya uzito wake. Kitanda kikainuka kama hakuna kitu.

Mlangoni mwa kanisa nikasema, "Ngojeni. Msimshushe kwanza."

Tukasimama kwenye manyunyu. Mzee Kanti alikuwa akihema, lakini hakuna aliyeniharakisha. Niliendelea kungoja mikono yangu ichoke. Haikuchoka.

"Haya," nikasema. "Mshusheni."

Emérence akapiga magoti kando ya kitanda, akamlilia mumewe kwa jina.