Gari Lililoitwa London

Nyaramba nzima ililijua gari la Jasper Ombati kwa jina moja tu, London. Watoto waliolikimbiza vumbini miaka ile leo wana wajukuu, na hadi juzi, wakipita karibu na banda la mabati nyuma ya nyumba ya mdogo wake Thadeus, walikuwa wakiuliza kama London bado iko. Thadeus aliwajibu kwamba iko, itaenda wapi.

Lilikuwa gari la Kiingereza la viti viwili, Triumph nyekundu yenye boneti ndefu na paa la turubai la kukunjwa. Jasper alirudi nalo mwaka wa 1976, baada ya miaka saba ya kusomea uhandisi Uingereza. Alisema alilinunua huko huko, akaliendesha wakati wa masomo, kisha likapakiwa melini hadi Mombasa. Siku alipopanda nalo mlima kuingia sokoni, wachuuzi wa ndizi waliacha mizigo yao. Tangu siku hiyo aliitwa Injinia hadi alipokufa, miaka mitatu iliyopita, bila mke wala mtoto. Gari likabaki mikononi mwa mdogo wake.

Thadeus alikuwa na haki yake katika gari lile, ingawa hakuwahi kuisema. Alikuwa kidato cha pili, wa kwanza darasani kwa hesabu, mama yao Nyamoita alipomwita jikoni akamweleza kwamba baba hayupo, shamba la juu limeuzwa, na kila kilichopo kinaenda kwa safari ya Jasper. "Ngoja kaka yako arudi," alimwambia. "Zamu yako itafika." Thadeus akavua sare ya shule, akaifunga kwenye karatasi, akaingia shambani kuchuma chai. Kwa miaka saba Jasper hakutuma neno, na mama akasema masomo ya kule hayampi mtu nafasi ya kuandika. Zamu ikapita. Jasper aliporudi, Thadeus alikuwa mtu mzima mwenye vidole vyeusi vya utomvu wa chai, amekwisha kumchumbia Damaris.

Hakulalamika. Kila Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, alikwenda kumsaidia kaka yake kulipangusa gari, na moyoni alijiambia kwamba bila yeye lisingekuwepo. Wengine walikuwa na vyeti vya kutundika ukutani. Yeye alikuwa na London.

Sasa mikono ilikuwa inamtetemeka na banda lilikuwa linavuja. Ndiyo maana Natasha alipopiga simu kuuliza kuhusu gari, alimwambia aje aliangalie.

Natasha alikuwa mfamasia, mwenye nyumba mtaa wa Nyanchwa mjini Kisii, na mapenzi ya magari ya zamani alikuwa ameyarithi kwa baba yake. Alikulia Nairobi, Ekegusii chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hivyo walizungumza Kiswahili. Mkewe Damaris aliwaletea chai, akarudi jikoni.

"Mzee, nisamehe mapema," Natasha alisema huku akivaa glavu. "Nitachokora sana. Haya magari yalitoka kiwanda kimoja lakini hayakuwa sawa. La kwenda Amerika lilitengenezwa hivi, la kubaki Uingereza vile, la nchi za joto vingine kabisa. Mimi natafuta lile la Uingereza kwenyewe. Watu wananiambia ni la Uingereza, nikifika nakuta kitu kingine."

"Hili hutakuwa na shida nalo," Thadeus alisema. "Kaka yangu alikuwa akituambia habari za theluji. Kwamba usiku wa baridi alikuwa akiwasha hita ya hili gari, anaweka soksi juu yake zikauke, ndipo aende kusoma. Wenzake walikuwa wanamcheka."

Natasha alicheka naye. Akafungua mlango wa dereva, akainama chini ya dashibodi na tochi yake. Alikaa huko muda. Kisha akaketi kwenye kiti akatazama vipimo vya mbele.

"Mzee, hii ya kupima mwendo ilibadilishwa?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Inasoma kilomita. Ya Uingereza ingesoma maili."

Thadeus alifikiri kidogo. "Kenya tulihamia kilomita miaka ile ile. Pengine kaka aliibadilisha aliporudi."

"Inawezekana," alisema Natasha, lakini kwa sauti ya mtu anayeweka jambo pembeni, si ya mtu aliyekubali. Alifungua boneti. Akamwonyesha chombo kikubwa cheusi juu ya injini, cha kuchuja hewa kwa mafuta. "Hiki walikiweka kwa nchi zenye vumbi. Na usukani hauna kufuli. Kule kwao wakati huo ilikuwa lazima gari liwe na kufuli." Akarudi tena ndani, akamwita. "Njoo uone hapa. Ingiza kichwa."

Thadeus akainama kwa shida, mkono mmoja kwenye kiti. Mwanga wa tochi uliangukia kibati kidogo cha mviringo, kimefungwa kwa skrubu zenye kutu ya zamani, rangi yake ni ile ile ya chuma kilichokizunguka.

"Hapa ndipo mabomba ya hita hupitia," alisema Natasha. "Kiwandani walipaziba. Hizi skrubu hazijawahi kuguswa. Gari hili halijawahi kuwa na hita, mzee. La nchi ya joto hawakuliwekea."

Thadeus alibaki ameinama. Alikuwa amelisafisha gari lile karibu miaka hamsini, amepangusa hadi chini ya viti, na kile kibati alikuwa akikiona. Alidhani magari yote yanacho.

"Pengine hiyo hita ilikuwa ya pembeni," alisema. "Ya kununua."

Natasha alikuwa amezunguka nyuma, anapapasa mfuniko wa buti kwa kidole, pale ambapo rangi ilikuwa imevimba kidogo. Aliomba ruhusa ya kukwangua. Thadeus akaitoa, kwa sababu hakujua namna ya kuinyima. Rangi nyekundu ikatoka kwa vipande, na chini yake kikatokea kibandiko cha chuma cha duka lililoliuza. Jina la duka lilikuwa limelika. Neno la chini yake lilisomeka vizuri.

"Ndola," Natasha alisoma. Uso wake uling'aa. "Mzee, hili gari liliuzwa likiwa jipya Zambia. Kule kwenye migodi ya shaba. Haya ni machache sana, wewe hujui tu. Yaliyotunzwa namna hii sijawahi kuyaona."

"Pengine lilipitia huko."

"Halikupitia. Lilianzia huko. Uingereza liliondoka likiwa kwenye kreti, sidhani kama liliendeshwa hata barabara moja ya kule." Aligeuka akitabasamu, na tabasamu likamfia mdomoni. "Mzee? Nimesema jambo baya?"

"Hapana," Thadeus alisema. "Hujasema."

Aliketi kwenye debe lililokuwa mlangoni. Alikuwa mzuri wa hesabu, na hesabu hii ilijifanya yenyewe, hata hakuitaka. Namanga, Arusha, Iringa, Mbeya, mpaka wa Zambia. Kabla ya mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa, mwaka uliofuata, mtu angeweza kuendesha njia yote. Alikumbuka siku Jasper alipofika, lile vumbi jekundu kwenye matao ya magurudumu, na jinsi alivyolisugua yeye mwenyewe akidhani ni vumbi la Mombasa. Alikumbuka pia kwamba Mwingereza mmoja wa kiwanda cha chai aliwahi kuja kuzungumza na Jasper, na Jasper alijificha chumbani akisema ana malaria.

"Bado ninalitaka," Natasha alisema taratibu. "Ninalitaka zaidi. Lakini ukitaka kufikiria kwanza, nitangoja."

"Ukilionyesha watu, utasema limetoka wapi?"

"Nitasema lilikotoka, mzee. Hiyo ndiyo maana yake."

Thadeus akaitikia kwa kichwa. Akamwambia aje alichukue wiki ijayo.

Natasha alipoondoka, Thadeus aliingia jikoni. Damaris alikuwa anachambua mboga za managu, na hakuinua macho. Kutoinua kwake macho ndiko kulikomwambia Thadeus kwamba anajua jambo.

"Mama Purity," alisema, "Jasper hakuwahi kufika Uingereza."

Damaris aliweka mboga chini, akajifuta mikono kwenye leso.

"Nani amekuambia?"

Hakusema ni uongo. Hakuuliza ni maneno gani hayo. Thadeus alivuta kigoda akaketi.

"Ulijua tangu lini?"

"Mama aliniambia alipokuwa anaumwa ule ugonjwa wa mwisho," Damaris alisema. "Jasper alimwambia mwenyewe, wiki ile aliyorudi. Yule mtu wa Nairobi aliyeahidi nafasi ya chuo alitoweka na pesa zote. Jasper akaona aibu kurudi nyumbani. Akafuatana na vijana wengine hadi Zambia, akapata kazi kwenye stoo ya mgodi, baadaye karakana. Ufundi wake aliupata huko."

"Zilipotea lini?"

"Pesa?"

"Zilipotea lini, Mama Purity?"

"Mwezi ule ule alioondoka."

Thadeus alitazama moto. Mwezi ule ule. Sare yake ilikuwa bado haijapoteza harufu ya sabuni. Mwalimu wake wa hesabu alikuja mara mbili nyumbani kumwomba mama amruhusu arudi, alisema shule ingemvumilia hata bila karo kwa muhula mmoja, na mama akajibu kwamba haiwezekani, yuko mtoto Uingereza ambaye karo yake lazima iwe tayari siku atakapoiomba. Mikono yote ilihitajika. Kila gunia alilobeba, alilibeba kwa ajili ya chuo kisichokuwepo. Neno moja tu kutoka Zambia lingetosha kumrudisha darasani.

"Na aliporudi, kwa nini mama hakuniambia?"

"Aliogopa utavunjika. Alisema, huyu amebaki na hilo gari tu, tukimwondolea atashika nini. Akaniapisha."

"Kuna lingine?"

Damaris alisogeza kuni motoni. Nje kuku walikuwa wanagombana chini ya ghala.

"Alikuwa na mwanamke kule," alisema. "Na watoto wawili. Aliwaacha. Asingeweza kuja nao na kusema alikuwa Uingereza."

"Wanaitwa nani?"

"Mama hakuambiwa."

Basi kulikuwa na watu wa damu yake mahali fulani, watu wa makamo sasa, na hakuna aliyebaki hai wa kuuliza majina yao. Thadeus alijaribu kumkasirikia kaka yake, lakini hasira haikupata pa kushika. Jasper alikuwa kaburini, chini ya jiwe lililochongwa neno Injinia, na jiwe hilo kanisa ndilo lililolichangia. Akajaribu kumkasirikia mama, akaona uso wake tu, siku ile jikoni, akimwahidi zamu. Alibaki na Damaris peke yake.

"Na mimi," alimuuliza, "ulikuwa unanionaje? Miaka yote hiyo, Ijumaa nikichukua ndoo na kitambaa?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Damaris bila sauti.

"Nilikuona una furaha, Baba Purity," alisema. "Nilikuwa nakuona una furaha."

Thadeus hakumgusa, wala hakumsemesha tena siku ile. Usiku walilala kitanda kimoja kama kawaida, kila mmoja akijua mwenzake yuko macho.

Wiki iliyofuata Natasha alikuja na lori la kubeba magari. Majirani walijaa uani. Vijana walipiga picha kwa simu, wazee wakasimama na fimbo zao, na mama mmoja akaanza kueleza, kwa sauti ya kusikika na wote, jinsi gari lile lilivyovuka bahari. Thadeus alisimama akamsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akiisimulia hadithi hiyo vizuri, kwa maneno ambayo Thadeus mwenyewe alikuwa amewafundisha wote. Natasha alimtazama yule mama, akamtazama Thadeus, kisha akaenda kukaza minyororo.

Lori lilipokwisha kushuka mteremko, watu walitawanyika. Damaris alimwita ale. Alijibu anakuja, akabeba kikapu akaingia kwenye chai, akachuma mpaka mawingu ya saa tisa yakaanza kujikusanya upande wa Kisii.

Alipofika na gunia lake kituo cha kupimia chai, alikuta foleni ndefu. Nyuma yake alikuwa Cleophas, jirani yake, waliyeanza naye kidato cha kwanza, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa shule akastaafu.

"Kumbe ni kweli umeuza London," Cleophas alisema.

"Nimeuza."

"Umefanya vizuri, ungebaki nayo ya nini. Lakini yule Injinia, angekuwepo, angesema nini?"

Thadeus alishusha gunia begani, akalisogeza kwa goti kuelekea mizani.

"Hangesema kitu," alisema.

Karani akamwita kwa jina, naye akasogea mbele.