Kadi Nyekundu Wodini

Mimi ni mtu wa kinyaa, sifichi. Unywele mmoja kwenye sahani unanifukuza mezani. Nashona magauni ya maharusi, meupe, na mteja hagusi kitambaa changu kabla ya kunawa mikono. Mtu kama mimi ndiye aliyepangiwa kumuuguza dada kwenye wodi ya saratani.

Wodi ilinuka dawa ya sakafu na uji uliochacha, na juu ya yote ilinuka titi la dada yangu. Uvimbe ulikuwa umelipasua, likawa kidonda kinachotoa maji ya kijani. Dada ndiye aliyenilea, na bado nilikuwa naingia kwake na barakoa mbili, moja juu ya nyingine, nakaa ukingoni mwa kiti nikiwaza saa ya kutoka.

Kana kwamba harufu haikutosha, kulikuwa na wale watu wa kujitolea, na aproni zao za njano na vicheko vyao vya sokoni. Mmoja walimwita Mama Bucha, mwanamke mnene aliyewahi kuuza nyama. Alibadilisha mashuka yaliyolowa huku akiimba. Mwingine ni Refa, mzee mwembamba aliyechezesha mpira ujana wake wote. Alitembea na filimbi shingoni na kadi mfukoni. Mgonjwa akikataa uji, kadi ya njano. Mgonjwa akitapika, Refa anachungulia beseni na kutoa uamuzi.

"Hii imevuka mstari! Goli!"

Na wagonjwa, vichwa vimebaki bila unywele, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mtu mzima anashangilia matapishi! Nilitamani kumnyang'anya ile filimbi niitupe chooni.

Siku hiyo nilimkuta dada amejifunika shuka hadi kidevuni. Begi lake lilikuwa limefungwa, liko miguuni.

"Nimemwambia daktari naenda nyumbani," alisema. "Shemeji yako anakuja kunichukua jioni."

"Na mionzi? Dada, ukiacha katikati utakufa!"

"Nanuka, mdogo wangu. Jirani yangu hapo amegeukia ukutani tangu jana. Niacheni nikanuke kwangu."

Halafu nikakumbuka kwamba dawa ya jambo hili ninayo mkobani: chupa ya manukato, yale makali wanayojipulizia maharusi wangu. Nilisubiri dada aende msalani. Nikapuliza godoro, nikapuliza mto, nikapuliza pazia na hewa yenyewe mpaka chupa ikakauka. Kwa mara ya kwanza nilivuta pumzi ndani ya chumba kile.

Jirani wa dada aliguna. Akainuka, akashika mdomo, akamwaga. Akafuata wa kitanda cha dirishani, kisha wa mlangoni. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba watu wanaotundikiwa zile dawa za saratani, harufu tamu inawapindua utumbo kuliko harufu ya choo. Wodi nzima ilitapika. Kila nilipogeuka, mtu ameinama. Kitu cha uvuguvugu kikadondokea kiatu changu, kikapenya mpaka vidoleni, nami nikasimama pale pale, chupa mkononi.

Mama Bucha alifungua madirisha kwa kishindo. "Nani katuletea harusi humu ndani?"

Filimbi ikalia. Refa alisimama mbele yangu, mabeseni kwapani, akanyanyua kadi nyekundu.

"Nje! Umeangusha timu nzima!"

Dada alikuwa mlangoni, ameshikilia ukuta. Alitazama wodi, akatazama kiatu changu. Kisha akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue.

"Jirani," aliita yule mama aliyegeukia ukutani, akijifuta mdomo, "mimi nalalia ubavu huu kwa sababu ule mwingine umebabuka kwa mionzi. Wewe hujanisumbua. Ila huyu mdogo wako, jamani, ananuka!"

Wote wakaangua kicheko, hata waliokuwa bado wameinamia mabeseni. Dada alirudi kitandani polepole, akanishika mkono.

"Jirani nilimsingizia," alisema. "Ni wewe. Kila ukija unakaa kama umekalia mwiba. Nilitaka kwenda nyumbani nisiuone huo uso."

Nikavuta kiti karibu, nikakikalia chote.

"Basi nitabaki," akasema. "Lakini leo kidonda unanifunga wewe. Na hizo barakoa uvue."

Nikanawa mikono, nikavua barakoa. Nesi akasimama pembeni kunielekeza. Bandeji ilikuwa imeganda. Nilipoilowesha na kuibandua, harufu ilinipiga kooni. Nikafuta usaha, nikafuta tena, machozi na kamasi vikinitiririka. Dada hakuangalia kidonda hata kidogo. Aliangalia uso wangu. Nilijitahidi utulie, ukakataa, lakini sikuugeuza.

Nilipobandika plasta ya mwisho, niligeuka nikatapika yote kwenye beseni ambalo Refa alikuwa ameshalikinga.

Mzee akachungulia. Akakuna kidevu kama mtu mwenye uamuzi mgumu.

"Hili siamui mimi," alisema, akalisogeza kitandani. "Mama, wewe unaonaje?"

Dada akanyoosha shingo, akaangalia ndani kwa makini.

"Goli," alisema. Kisha akavuta begi lake na kuanza kutoa nguo.