Mtu Aliyekwisha Kuliliwa

Gari la Ryoba Waitara lilisimama nje ya boma la mama yake, kijijini Kemambo. Dada yake Winfrida akatoka mbio. Hakwenda kumpokea. Alikwenda kufunga lango.

"Usiingie," alisema.

"Winfrida, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana nafunga."

Mama yao, Mokami, alikuwa barazani akichambua maharage. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, na mvi mpya zilikuwa zimeanza kuchomoza. Ryoba alimwamkia kwa ile sauti ambayo watu hulipa kiingilio kuisikia: "Shikamoo, mama!" Mokami akachukua ungo wake, akaingia ndani.

"Simu zako hapokei, na hata hapa hakujibu," Winfrida alisema. "Anasema maiti haiitikiwi. Nenda kwa baba mkubwa kwanza."

Ili kuelewa lango lile, lazima kueleza kazi ya Ryoba.

Alianza kuigiza shuleni, akaondoka na begi moja kwenda Mwanza, kisha Dar es Salaam. Huko alibeba taa na nyaya za waongozaji mpaka siku mwigizaji wa nafasi ya mlinzi alipougua, wakamvika Ryoba kofia na kumpa rungu. Alitamka maneno mawili tu, wote wakacheka kwa lafudhi yake. Kuanzia hapo akawa mlinzi. Kila tajiri wa kwenye filamu alipohitaji mtu wa getini, aliitwa Ryoba aseme "wewe nani" kwa lafudhi yake ya Kikurya. Miaka mingi ilipita hivyo. Watu walimtambua mitaani, wakamwiga usoni pake, naye akacheka nao kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha. Baadaye alipewa ujambazi, kisha ubaba mkali. Hakuna aliyemfundisha kukaa kimya mbele ya kamera, lakini alijua, na wanaojua mambo hayo wakaanza kuandika habari zake.

Ndipo ikaja filamu ya mfugaji. Waliipigia Machochwe, karibu na mpaka wa hifadhi. Ryoba alikuwa mfugaji anayefuata ng'ombe wake walioibwa, anauawa, analetwa nyumbani, anazikwa. Mwongozaji alikuwa ameandika jina jingine. Ryoba akakataa. Alitaka vilio vitoke tumboni, kwa hiyo akaomba wanawake wa pale walioajiriwa kulia wamlilie kwa jina lake: Ryoba, mwana wa Waitara, wa Kemambo. Akalazwa juu ya ngozi ya ng'ombe kwa ubavu wa kulia, kama wanaume wa kwao wanavyolazwa. Wakamwaga udongo wa kweli. Filamu ile ilimpa tuzo, ikampeleka nchi ambazo hakuwahi kuota kuzifika.

Filamu ikafika pia Kemambo, kwenye banda la video la Thadeo. Winfrida, kwa fahari, alimchukua mama yake akamketisha mbele kabisa. Udongo ulipoanza kumwagwa, na mwanamke wa Machochwe akaita "Ryoba wa Waitara!", Mokami alisimama akapiga yowe. Vijana wakacheka. Kisha wanawake wa ukoo waliokuwemo wakaitikia yowe lile, kwa sababu yowe la mama haliachwi peke yake. Thadeo akazima mashine. Kilio kikaendelea mpaka nyumbani. Asubuhi Mokami alikuwa amenyoa kichwa kwa msiba.

Basi Ryoba akaenda kwa baba mkubwa wao, mzee Magige, ambaye hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Mimi nakuitikia kwa sababu sikukulilia. Waliokulilia hawawezi."

"Lakini wanajua ilikuwa filamu. Mama mwenyewe anajua."

"Nani amesema hajui? Unafikiri mama yako mjinga? Anajua uko hai kuliko mimi. Lakini jina lako limetajwa, ngozi ya ng'ombe imetandikwa, udongo umemwagwa, mama amenyoa. Kilio hakirudishwi tumboni, mura, kijana wangu. Kwetu wewe umekwisha."

"Na akifa yeye?"

"Utasimama nje ya lango. Maiti haimziki mtu."

Ryoba alikuwa mwana wa kiume pekee wa Mokami. Aliyepaswa kutangulia kumwaga udongo kaburini kwa mama yake alikuwa yeye.

"Kuna njia?"

"Ipo. Kama umekufa, basi uzaliwe. Linatobolewa tundu kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama yako, unapita humo, anakupokea, anakupa jina. Jina la zamani tunaliacha kule kule Machochwe ulikolizika."

Ryoba akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Baba mkubwa, jina hili liko kwenye mabango. Liko kwenye ile tuzo. Nimelitafuta kwa miaka yote niliyokuwa naitwa 'mlinzi'."

"Basi kaa na mabango yakuitikie shikamoo."

Ryoba akaondoka kwa hasira, akapanga chumba Nyamongo. Wahudumu wa nyumba ya wageni walipiga naye picha. Mmoja akampigia shangazi yake: "Niko na Ryoba Waitara, yule yule!" Kila mtu alilijua jina lake, na kila lilipotajwa aliona ule ungo wa maharage ukiingia ndani. Siku ya tatu akampigia simu Magige.

"Toboeni," alisema.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali ya kuchoma, katika nyumba aliyoijenga yeye mwenyewe kwa pesa za filamu. Fundi alinung'unika kwamba anaharibu kitu kizuri. Magige akamwambia atoboe kwa kipimo cha ndama mchanga.

"Ndama?" Ryoba aliuliza. "Mimi na mabega haya?"

"Mama yako hakuzaa kupitia lango la gari."

Wanawake wa ukoo walikaa ndani, Mokami katikati, miguu ameinyoosha. Ryoba alivua shati, akafunikwa ngozi ya mbuzi. Akiwa nje alifumba macho na kupumua polepole, kama afanyavyo kabla ya kila onyesho. Akatanguliza mikono, akaingiza kichwa, akateleza hadi kiunoni bila kukwaruzika. Kisha akalia. Alianza kwa kukwama pumzi, sauti ikafuata, machozi yakateremka shavu moja kabla ya lingine. Wanawake wawili wakashika vinywa. Mmoja alipiga makofi.

Mokami hakusogea. Alimgeukia Winfrida akasema, "Hivyo hivyo ndivyo alivyolia kwenye video, ng'ombe walipoibwa."

Magige akatikisa kichwa. "Rudi nje. Anza tena. Na mikono usitangulize, mtoto hatangulizi mikono."

Maneno "anza tena" Ryoba aliyasikia maisha yake yote ya kazi, na hayakuwahi kumuudhi kama siku ile. Akarudi kinyumenyume, magoti yakichubuka. Akaingiza kichwa, mikono ameibana mbavuni. Bega la kushoto likagoma. Akasukuma, tofali likamkwaruza. Akataka kurudi nje, sikio likanasa. Hakuwa na pumzi ya kulia wala ya kutukana. Vumbi la matofali lilimwingia puani, akapiga chafya.

"Amekwama," Winfrida alisema.

"Mwiteni fundi," mwingine alisema.

"Fundi wa nini? Paka mafuta!"

"Mafuta ya kula yameisha, labda ya taa."

"Mtamchoma mwenzenu!"

Ryoba akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hakuna kamera iliyowahi kuinasa: "Jamani, sijui nifanyeje."

Mokami akainuka. Akajongea mpaka ukutani, akapiga magoti, akashika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili.

"Tulia," alimwambia. "Wewe ni bega tangu mwanzo. Hata ile siku ulikwama hapa hapa, mkunga akakata tamaa. Shusha la kulia. Geuka kidogo. Sasa sukuma, usishindane na ukuta."

Ryoba akageuka, akasukuma. Bega likatoka, kisha lingine, naye akaanguka mapajani pa mama yake kama gunia la mahindi. Hakulia. Alikuwa anahema, na sikio lilikuwa linavuja damu.

"Shikamoo, mama," alisema alipopata pumzi.

"Mtoto mchanga haamkii watu," Mokami alijibu, na wanawake wakacheka mpaka fundi akachungulia tunduni.

Mokami akampa jina la baba yake yeye, babu wa Ryoba, Muniko. Magige akalirudia mara moja kwa sauti ili ukoo usikie, akaenda kuangalia mbuzi anavyochunwa.

Jioni, Ryoba alikaa barazani, simu mkononi, akimsikiliza mwongozaji wake akiuliza watamwandikaje kwenye filamu ijayo. "Subiri kwanza," alimwambia, "sijazoea."

Mokami alikuwa jikoni, ugali umeiva.

"Muniko, njoo ule."

Mtu aliyeitwa majina yote yale kazini, na kugeuka kila alipoitwa, hakugeuka. Ilibidi mama yake atoke na mwiko mkononi, amwite tena.